Huruma Iko Kabla ya Tendo

Mwanangu,

Nakuandikia wewe ukiwa na damu inayochemka na mimi nikiwa na kifua kinachonikumbusha kila alfajiri kwamba siku zangu zimebaki chache, na kwa kuwa maneno ya mzee yakisemwa barazani huishia pale kijana anapowasha pikipiki yake, nimeona haya niyaweke kwenye karatasi ili uyakute siku utakapoyahitaji. Najua utayahitaji. Sisemi hivyo kwa kukutabiria mabaya; nasema kwa sababu nimekulea, naijua hasira yako inavyopanda upesi na moyo wako unavyoshindwa kusema hapana mbele ya rafiki, na sijapata kuona mtu aliyefika uzee bila kujikwaa. Mimi nitakupenda ukijikwaa na nitakupenda ukianguka. Sheria haitafanya hivyo, na ndiyo maana nimeketi kuandika.

Unakumbuka kwamba zamani nilikuwa naitwa Masasi kila Mahakama Kuu ilipokuja kutoka Mtwara kusikiliza kesi za mauaji. Siku zile kesi hizo hazikuendeshwa bila wazee wa baraza, watu wa kawaida kama mimi, tuliokaa karibu na jaji, tukasikiliza mashahidi, tukauliza maswali, na mwisho kila mmoja akatoa maoni yake kama mshtakiwa ana hatia au hana. Jaji hakulazimika kuyafuata. Wala maandishi yenyewe hatukuyasoma, kwa kuwa kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza na karani akatutafsiria, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Lakini macho tulikuwa nayo, na niliyoyaona pale ndiyo ninayotaka kukuachia kabla ya mikorosho na kabla ya nyumba.

Kuna kesi moja haijanitoka. Ndugu wawili, tumbo moja, wa kijiji ambacho sitakitaja, walikuwa wakigombea mpaka wa shamba la mikorosho waliloachiwa na marehemu mjomba wao. Ulikuwa msimu wa kuokota. Mkubwa akamkuta mdogo wake anaokota chini ya mkorosho uliokuwa mpakani, maneno yakazaa maneno, mkubwa akasukumwa akaanguka mbele ya watoto wake. Mpaka hapo hakuna aliyekufa. Akainuka, akajikung'uta vumbi, akashika njia ya nyumbani kufuata panga. Njiani alipita kisimani, akamkuta mama mmoja mtu mzima anateka maji, akamwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba. Akafika nyumbani, akachukua panga, akarudi shambani kwa njia ile ile.

Mwanangu, ni ile shikamoo iliyomhukumu. Wakili wake, ambaye alipewa na serikali kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kumlipa yeyote, alijitahidi kuonyesha kwamba mteja wake alichokozwa, na hoja hiyo si ndogo, maana sheria inajua kuwa binadamu ana damu: mtu akichokozwa ghafla, akatenda hapo hapo kabla hasira haijashuka, kosa linatoka kwenye kuua kwa kukusudia linakuwa kuua bila kukusudia, na hapo jaji anaweza kupima mambo, akatoa kifungo cha maisha au miaka michache, kwa kadiri alivyoona. Lakini mama wa kisimani alipoulizwa mshtakiwa alikuwa katika hali gani, alijibu kwa ukweli wake wote kwamba alikuwa mtulivu, alimwamkia vizuri tu. Mwendesha mashtaka hakuhitaji zaidi ya hilo. Mtu anayekumbuka kuamkia wakubwa, alisema, kichwa chake kimekwisha kupoa, na alilolitenda baada ya hapo alilikusudia. Yule mama alilia akiwa bado kizimbani, kwa sababu alikuwa amedhani anamsifia.

Jaji alivua miwani, akaivaa tena, akasoma. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ile tuliyorithi kwa Waingereza tangu mwaka 1945, ina adhabu moja tu kwa anayeua kwa kukusudia, nayo ni kunyongwa hadi kufa. Mwanamke mjamzito hufungwa maisha badala yake, na aliyekuwa hajatimiza miaka 18 hapewi kitanzi. Waliobaki wote hawana njia nyingine. Yule kijana alisema ana watoto wadogo, alisema mama yake amebakiwa na yeye peke yake, na kila alichosema kilikuwa kweli, lakini jaji alimjibu kwa upole kwamba mikono yake imefungwa na sheria. Nyuma ya chumba alikuwapo mama yao. Siku ile alipoteza mtoto wa pili kwa sababu ya mkorosho mmoja.

Nimeufikiria mwendo ule wa kutoka shambani hadi nyumbani kuliko nilivyoifikiria hukumu yenyewe. Huruma yote ambayo dunia ingeweza kumpa yule kijana ilikuwa ndani ya mwendo ule. Angeweza kukaa pale kisimani akaomba maji ya kunywa, angeweza kumwambia yule mama yaliyompata, angeweza kufika nyumbani akalala. Alikuwa bado ni bwana wa nafsi yake. Aliponyanyua panga, huruma ilitoka mikononi mwake, na alipofika mahakamani akakuta haipo hata mikononi mwa jaji. Hilo ndilo ninalotaka ulishike katika barua hii yote hata ukisahau mengine: kwa makosa makubwa, sheria za nchi hii zimeandikwa kwa namna ambayo huruma iko kabla ya tendo, na baada yake ni nadra kuikuta. Wazee waliposema hasira hasara walikuwa wanahesabu hasara ya namna hii, isiyolipika.

Utasikia wenzako wakisema Tanzania hainyongi. Ni kweli kwamba kitanzi hakijatumika tangu mwaka 1994. Benjamin Mkapa, mtu wa hapa kwetu, mzaliwa wa Lupaso, alikaa Ikulu miaka 10 na hakuna aliyenyongwa. John Magufuli naye alisema waziwazi mwaka 2017 kwamba hataki kuletewa majina ya kutia saini. Mwaka huo wa 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika kesi ya Mbushuu, alitamka kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha, kisha ikasema Katiba yetu inairuhusu hata hivyo. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo bila kumwachia nafasi ya kupima kunakiuka haki ya kuishi, na mwezi huo huo serikali ikaondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu raia kwenda kwenye mahakama hiyo moja kwa moja. Mimi niliyekaa karibu na jaji naamini Mwalusanya aliona sawasawa, na ninaomba sheria ibadilishwe ukiwa hai. Lakini usijenge maisha yako juu ya maombi yangu. Mtu asiyenyongwa hajaachiwa. Anakaa na hukumu ya kifo kichwani mwaka baada ya mwaka, akisikia funguo zikigonga asubuhi, na hajui ni uji unakuja au ni jambo jingine.

Wala usidhani ukali huu umeletwa juzi. Babu zetu Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera walikuwa na sheria zao, na baadhi yake ukisimuliwa leo mwili unasisimka. Aliyeshukiwa uchawi alinyweshwa mwavi, dawa ya gome la mti. Akitapika amepona na jina lake limesafishika, akifa ndiyo hukumu yenyewe, na hakukuwa na rufaa. Ukoo ulioua ulilipa mtu kwa ukoo uliofiwa, mara nyingi binti asiyejua lolote kuhusu ugomvi, akaenda kuzaa huko ili pengo lizibwe, na mjomba ndiye aliyebeba deni la mpwa wake. Akaja Mjerumani na hamsa ishirini, viboko 25 vya ngozi ya kiboko. Tulipopata uhuru tukadhani fimbo imeondoka, kumbe mwaka 1963 Bunge letu wenyewe likapitisha sheria ya adhabu za chini iliyompa mwizi na mla rushwa viboko 24, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka, na watu wakawa wanasema vile vya mwisho ni vya kwenda kumwonyesha mkewe. Mwaka 1972 viboko hivyo vikaondolewa. Mwaka 1983, enzi za Edward Sokoine na vita dhidi ya wahujumu uchumi, ikatungwa sheria iliyofika hadi kwenye makosa yaliyotendwa kabla yake yenyewe haijazaliwa, bila wakili na bila dhamana, na watu wakatupa sabuni na vitenge vichakani usiku kwa kuogopa kukutwa navyo ndani. Mwaka uliofuata ikabadilishwa. Nimekutajia haya ili ujue kwamba ukali huja na hurudi, na kila kizazi huamini kwamba fimbo yake ndiyo itakayomaliza uovu. Uovu haujaisha. Walioisha ni watu.

Sasa nije kwenye yale yanayowameza vijana wa umri wako, na la kwanza ni hili la mabinti, nalo nitalisema wazi kwa kuwa baba asiyelisema huliachia gereza limsemee. Unajua desturi yetu: binti anachezwa unyago likizo ya shule, anatoka ndani amepakwa mafuta, kavalishwa kitenge kipya, ngoma inapigwa, na kila mtu anasema amekuwa mkubwa. Amekuwa mkubwa kwa ngoma, mwanangu. Kwa sheria bado ni mtoto mpaka atimize miaka 18. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, iliyopitishwa huyo huyo mtu wa Lupaso akiwa Rais, inasema ukilala na asiyetimiza miaka hiyo umebaka, hata kama alikuja mwenyewe kwa miguu yake, hata kama mnapendana na mama yake anakujua, na adhabu yake haipungui miaka 30. Akiwa chini ya miaka 10 ni maisha. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo ikaongezwa makali: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi, miaka 30. Hakimu hataki kusikia kwamba alikwisha kuchezwa.

Hapo utaniuliza, na utakuwa na haki ya kuuliza, mbona Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi? Ni sheria mbili za nchi moja, moja inamfunga mtu miaka 30 na nyingine inamfungisha ndoa. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema vifungu hivyo vya ndoa vinakinzana na Katiba, na mimi nakubaliana nazo kwa moyo wote, kwa sababu nimewaona mabinti wakiletwa Ndanda kujifungua wakiwa hawajamaliza kukua. Wewe usisubiri sheria zipatane. Ukiwa na pikipiki hapa njia panda, ambapo magari ya Ruangwa yanakata kona na wanafunzi wanasimama wakingoja usafiri, utapata nafasi nyingi za kumbeba mtoto wa shule bure leo, kumnunulia chipsi kesho, na keshokutwa kujiona una deni la kulipwa. Mbebe kama mdogo wako au mwache atembee.

Pikipiki hiyo hiyo ndiyo inayonitia hofu ya pili. Kijana wa bodaboda hapa kwetu huombwa usiku apeleke gunia, asiulize ndani mna nini, alipwe mara tatu. Ndani mkiwa na bangi, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 na marekebisho yake inakungoja na miaka 30. Ndani mkiwa na nyama ya porini kutoka pande za Msanjesi au Lukwika-Lumesule, hiyo huitwa nyara za serikali, nayo mahakama zimezoea kuitolea miaka 20. Nasema tena, miaka 20, kwa nyama ambayo mtu angeila wiki moja na familia yake. Kisha mwaka 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu Yang Fenglan, yule mama wa Kichina aliyeitwa malkia wa pembe za ndovu, kwa biashara ya mamia ya vipande vya meno ya tembo iliyodumu miaka mingi, akapata miaka 15. Tembo wetu wa kusini walimalizwa na biashara ya namna ile, na mimi sitaki mtu yeyote aguse tembo, lakini moyo wangu haujakubali kwamba mla nyama ya swala akae ndani muda mrefu kuliko aliyekusanya meno. Na moyo wangu haukuulizwa. Wala hutaulizwa wewe kama ulijua sheria. Kutojua sheria si utetezi, hilo limeandikwa, na aliyekupa gunia hatakuwapo kizimbani.

La unyang'anyi sitalirefusha. Ukimpora mtu simu kwa kisu, kwa rungu, kwa chochote cha kumdhuru au kumtisha nacho, huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo chake hakipungui miaka 30, na hakuna dhamana wakati kesi ikiendelea. Hakuna dhamana pia kwa mauaji, uhaini, utakatishaji fedha na mengine kadhaa. Mahakama Kuu mwaka 2020 ilitamka kwamba kifungu kinachonyima dhamana hiyo kinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo mwaka huo huo. Kwa hiyo kijana anakaa mahabusu ya Lilungu, kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, inatajwa tena, mama yake anauza kuku kupata nauli ya kwenda Mtwara kumwona dakika chache, na mwisho wake huenda akaonekana hana hatia, akarudi akakuta mchumba ameolewa. Miaka ile haina wa kuirudisha.

Ila ninalokuombea zaidi ni usiwe katika kundi. Mtu mmoja akipandwa na hasira anaweza kushikwa mkono. Kundi halina mkono wa kushika. Tulikuwapo wote Januari 2013, Masasi ilipowaka, na chanzo kilikuwa ugomvi wa dereva wa bodaboda na polisi. Kabla jua halijazama magari ya halmashauri yalikuwa yanaungua, nyumba za watu zinaungua, hata jengo la mahakama ya mwanzo likachomwa, na watu wakafa. Kuchoma nyumba kwa makusudi kunaweza kukupeleka kifungo cha maisha. Magazeti yanapenda kuandika kwamba mwizi ameuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba wananchi hao hawana majina. Wana majina. Sheria yetu inasema watu wakiunga nia kutenda uovu, kila mmoja ametenda wote uliotendeka, aliyeshika jiwe na aliyeleta tairi na aliyeshikilia miguu, na wote wanasimama mbele ya adhabu ile ile moja. Nilimwona kizimbani kijana aliyepiga teke moja tu. Alirudia kusema hivyo, teke moja tu, na mimi nilimwamini, na nilipotoa maoni yangu sikuona njia ya kumtoa.

Na hasa usiwemo ikiwa kundi hilo linakwenda kwenye nyumba ya bibi kizee. Hapa kwetu na kule juu Newala, mtoto akifa ghafla au mikorosho ikikauka maua, macho huanza kutafuta mwenye macho mekundu. Lakini macho ya bibi yamefanywa mekundu na moshi wa kuni alizopikia watoto wetu. Serikali inayo Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, nayo ni sheria ya ajabu kweli: inakataza vifaa na vitisho vya uchawi, inafanya kumnyooshea mtu kidole kuwa ni mchawi kuwa kosa pia, na inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mshukiwa ahame akaishi mahali pengine bila hakimu kuthibitisha lolote. Siipendi sheria hiyo, maana inamwacha asiye na kosa bila pa kujitetea. Hata hivyo mganga akikutajia jina, ondoka kwake na ulizike jina hilo tumboni mwako. Waliofuata jina mpaka mlangoni nimewaona Masasi, na mganga hakuwa pamoja nao.

Kuna sheria moja nyingine nakutajia kwa sauti ya chini, kwa sababu sijui siku utakayokuwa peke yako gizani. Anayejaribu kujiua akaokoka, kwa sheria ya Tanzania ametenda kosa na anaweza kushtakiwa. Kwa jirani zetu Kenya, Mahakama Kuu Januari 2025 ilitamka kwamba kumwadhibu mtu wa namna hiyo kunakiuka Katiba yao, na naomba siku moja na sisi tuone hivyo. Ukifikwa na giza hilo usifikirie polisi wala aibu. Nenda hospitali Ndanda, sema kinachokuuma, au njoo kwangu usiku wowote. Na nikiwa sipo, gonga kwa mjomba wako. Hakuna deni wala fedheha ambayo ukoo huu hautaibeba na wewe.

Na ukianguka, kwa maana sikuandikii kama mtu asiyeweza kuanguka, usikimbie. Msumbiji ni karibu, daraja la Mtambaswala liko wazi na mitumbwi ya Ruvuma haiulizi jina, lakini aliyekimbia huhesabiwa kuwa amejihukumu mwenyewe, na mdogo wako ndiye atakayeshikwa aulizwe uliko. Nenda mwenyewe kituoni pamoja na mjomba. Mkono wa serikali ni mrefu, afadhali uukute umesimama. Kabla hujaandika maelezo, omba ndugu au wakili awepo, maana sheria inakupa haki hiyo, na polisi wanatakiwa wakuhoji ndani ya saa nne tangu ukamatwe, isipokuwa muda huo uongezwe kwa utaratibu. Usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa. Kama ni kweli umetenda, sema ulivyotenda, usiongeze na usipunguze, kwani nimeona uongo mdogo ukiua ukweli mkubwa uliokuwa unamsaidia mtu. Wala msiuze shamba kumpa mtu anayedai atalimaliza jambo kimya kimya. Hiyo rushwa ni kesi ya pili. Ikibidi kuuza, uzeni kwa ajili ya wakili na kwa ajili ya kumfuta machozi aliyeumizwa, na mfike kwake kabla ya kufika kwa wakili. Mimi nikiwa na pumzi nitakuja kukuona gerezani kila nauli itakapopatikana, na sitakuuliza kwa nini.

Lililobaki ni shamba. La bondeni, lililo upande wa Lukuledi, nimeligawa kati yako na mdogo wako; mpaka unaanzia kwenye mwembe mkubwa unashuka na mstari wa minyaa hadi kwenye korongo. Nimeupanda mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote mbili, na karatasi yenye sahihi zao iko kwa mjomba wako. Mikorosho miwili iko karibu sana na minyaa, nayo najua itawasumbua. Mkitofautiana, mwiteni mjomba kwanza, akishindwa mwenyekiti, akishindwa baraza la kata liwasuluhishe. Na msimu wowote ambao hamjaelewana, korosho za miti hiyo miwili ziokotwe na shangazi yenu, zipelekwe chama cha msingi kwa jina lake, na fedha ikilipwa aishike yeye mpaka mmalize mazungumzo.

Baba yako,
Nanganga